Godoro la Stoo ya Mbarara

Hii ilimpata rafiki yangu Viviane, wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Mama yake alikuwa anaumwa mgongo sana, na bado analala kwenye mkeka. Viviane akasikia kwamba mjini Mbarara kuna stoo za kukodisha, na vitu ambavyo wenyewe wameviacha havitupwi, wanapewa watu. Akaenda, mlinzi akamwonyesha godoro moja.

"Mwenye hii godoro iko wapi?" akauliza.

"Hajarudi," mlinzi Byaruhanga akacheka. "Nyabo, dada yangu, unataka godoro ama unataka bwana?" Akatangulia getini.

Viviane akajitwika godoro, akashika korido ndefu isiyo na dirisha. Taa za mule zinabana umeme: zinawaka fasi mtu anapita, akisimama zinazima. Nyuma yake taa ikawaka. Hakusikia mguu wa mtu, kandambili zake tu.

"Ni nani iko nyuma yangu?"

Akasimama. Taa yake ikazima, ile ya nyuma ikabaki inawaka. Alitaka kukimbia, lakini akafikiri mgongo wa mama, akakaza mikono. Hapo godoro likawa jepesi kichwani.

Akaachia mkono mmoja, halafu wa pili. Akainama, akatoka chini yake polepole. Taa yake ikawaka.

Godoro lilikuwa bado juu, palepale kichwa chake kilipokuwa.