Picha Zilizobaki Tumboni mwa Kamera

Kofi la kwanza lilimpata Ella shavuni. La pili alilikwepa, mkono wa Feliksi ukagonga fremu ya mlango.

“Nipe hiyo kamera!”

“Sikupi hata ukiniua.”

“Ella, usinitie aibu. Jumamosi tunafunga ndoa mimi na wewe.”

“Ndoa na muuaji?”

“Nimemuua nani mimi?”

“Bonfils! Ulimuua kwa mdomo wako, Feliksi. Ukaniletea msiba, nikalala chini nikilia!”

Feliksi akamkamata nywele, akamburuta mpaka uani. Ella akaikumbatia kamera kifuani, akaacha mgongo upigwe.

Asubuhi hiyohiyo Ella alikuwa anacheka peke yake chumbani. Huyu Feliksi, mpiga picha wa Ujiji, alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza mjini kumiliki kamera ya dijitali. Miaka ile Warundi walipojaa makambini, alikuwa akienda huko na kamera yake pamoja na koti moja la kijivu. Kila mwanaume aliyetaka kupendeza alivaa hilohilo. Mnene halikumfunga, mwembamba lilimmeza.

Leo alikuwa amechomoa memori kadi, akaenda nayo kusafisha picha za mialiko ya harusi. Kamera akamwachia mchumba wake, akiamini imebaki tupu. Alisahau kwamba kamera ile ilikuwa na akiba yake ya ndani. Siku kadi ikijaa ukaitoa, picha chache unazopiga huingia humo, na ndizo zinazoonekana kadi isipokuwepo.

Ella aliiwasha kwa mchezo tu. Akajiona mwenyewe, kambini, mashavu yamejaa maharage. Akacheka, akabonyeza. Akajiona na Bonfils wake, wameegemea baiskeli ya kuazima, mikono ya koti imempita Bonfils mpaka vidole havionekani.

“Ona ulivyokuwa, mpenzi wangu,” alimwambia marehemu. Picha ilikuwa na ukungu na nyuso zimekuwa nyekundu, lakini aliibusu palepale kwenye kioo. Akabonyeza tena.

Bonfils yuleyule, koti lilelile. Shavuni ana jeraha bichi la panga. Mkono wa kushoto wa koti unaning'inia, hauna kitu ndani.

Bonfils aliondoka kambini na mikono yake miwili, akarudi Burundi kumtafuta mama yake. Baadaye Feliksi akaleta habari kwamba amekatwakatwa njiani, amekufa. Sasa ni maiti gani hii inayovaa koti na kupigwa picha? Feliksi aliporudi, swali hilo ndilo lililomlaki mlangoni.

Pale uani Bi Mwanvua, mwenye nyumba, alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Aliona Ella akipigwa teke la mbavu, akachomoa mchi kwenye kinu na kumshushia Feliksi begani. Ukelele alioutoa Feliksi ulisikika mtaa mzima wa Buzebazeba.

“We firauni! Unataka kuua mtoto wa watu nyumbani kwangu?”

“Mama, haya ni mambo ya wapenzi!”

“Mapenzi gani ya mateke? Kaa chini! Ukiinuka nalivunja na la pili.”

Ella alijifuta damu mdomoni.

“Muulize, Mama. Hii picha aliipiga wapi?”

Mchi ukapanda juu.

“Nasema, nasema! Kijijini Mwamgongo, kwa mjomba wake Bonfils. Alinusurika. Akaniomba nimpige picha nije nikuonyeshe, uone kwa macho yako kwamba yu hai.”

Ndivyo watu walivyokuwa wakifanya. Miaka ile midomo ilishazika wengi walio hai na kufufua wengi waliokufa, kwa hiyo aliyepona alituma picha.

“Nawe ukaificha,” Ella alisema.

“Nilikupenda, Ella. Tangu kambini nilikupenda.”

“Na yeye ulimwambia nini?”

“Nilimwonyesha ile ya studio.”

Picha ya studio! Feliksi alimvisha Ella shela, akasimama kando yake, akasema ni tangazo la kubandika ukutani ili wateja waje. Kumbe lilikuwa la mteja mmoja tu.

“Njia ya mwongo ni fupi,” Bi Mwanvua alisema. “Lakini wewe yako umeitengeneza kwa lami!”

Simu ya Feliksi ikalia mfukoni. Bi Mwanvua akamnyang'anya, akampa Ella. Ulikuwa ujumbe wa Bonfils, na Ella aliusoma kwa sauti:

“Feliksi, wauza dagaa wanasema Ella anaolewa Jumamosi. Wewe ulinionyesha kashaolewa. Nimo kwenye boti, nakaribia Kibirizi. Tukikutana utanieleza.”

“Mana yanje! Mungu wangu!” Ella alipiga kelele, akatoka mbio.

Feliksi naye akajinyanyua, akakimbilia barabarani na kurukia pikipiki, bega limeteguka. Alitaka kuwahi na uongo mwingine.

Boti ilikuwa inatia nanga Kibirizi Ella alipofika, anahema. Feliksi akamdaka mkono ukingoni mwa maji, mbele za watu, akaanza kumvuta.

“Mwachie!”

Bonfils aliruka kutoka kwenye boti, maji yakamfika mapajani, panga mkononi. Alimpiga Feliksi kichwa kimoja cha pua, jamaa akaanguka majini. Akainuka, akapigwa teke la kifua, akaanguka tena. Maji yakawa mekundu. Panga likapanda juu.

“Bonfils, usimkate!”

“Unamtetea mumeo?”

“Si mume wangu! Shela lilikuwa la tangazo. Mimi niliambiwa umekufa!”

“Ukaamini? Mdomo mtupu, bila picha, bila kaburi? Mwaka mzima naangalia kila boti inayokuja, Ella wanje, Ella wangu!”

“Niliamini. Na wewe uliamini picha.” Ella aliingia majini, uso umevimba. “Tulishazoea kufiwa, Bonfils. Ndiyo maana alitupata kirahisi.”

Feliksi alikuwa anatambaa kwa magoti.

“Nihurumieni, ndugu zangu. Nilipenda tu jamani...”

Bonfils akamkanyaga mgongo. Wauza dagaa wakapiga mayowe, wanaume wakarudi nyuma. Hakuna aliyetaka kumkaribia.

“Nishike,” Ella alisema.

“Kwa mkono gani? Ninao huu mmoja tu, na una panga.”

“Basi chagua.”

Bonfils alimtazama Feliksi chini ya mguu wake. Akamtazama Ella, mdomo uliochanika. Kwa muda ilionekana kabisa kwamba angekata. Kisha vidole vikalegea, panga likazama. Akamvuta Ella kwa nguvu zote alizobaki nazo, wakalia pamoja. Feliksi alijiburuta mpaka nchi kavu na hakuna aliyemjali.

“Unaniumiza mbavu,” Ella alinong'ona.

“Nilegeze?”

“Usithubutu.”