Nafasi ya Mtu wa Tatu

Kijitabu cha saba kilikuwa kimelowa. Bi Tiketi alikigundua asubuhi alipokuwa akipangusa vumbi kwenye rafu ya ofisi yake, na jambo la kwanza alilofanya ni kutazama dari, akidhani bomba la ghorofa ya juu limeanza tena vituko vyake. Dari ilikuwa kavu. Vile vijitabu sita vya kampuni sita za meli za kitalii, alizozifanyia uwakala miaka kumi na minane, vilikuwa vikavu pia. Hiki cha saba hakukumbuka kukipokea kwa mtu yeyote. Alikifuta kwa upindo wa gauni akakirudisha, maana siku hiyo alikuwa na wateja wa moyo wake na hakutaka kuanza kuhangaika na makaratasi.

Wateja wenyewe walikuwa mdogo wake na mkewe. Huyo mdogo wake aliitwa Kitinda tangu anatambaa, kwa kuwa ndiye aliyefunga tumbo la mama yao, na wazazi walipofariki ni Bi Tiketi aliyemlea. Alimwogesha, akamsomesha, akaenda mwenyewe kumposea mke. Hakujaliwa kuzaa, lakini mtu akimuuliza ana watoto wangapi, alijibu bila kupepesa macho: mmoja, mwenye ndevu.

Miezi minne nyuma, Kitinda na mkewe walimzika mtoto wao wa kwanza, aliyetoka tumboni mwezi wa nane bila kulia. Tangu hapo nyumba yao ilikuwa ya watu wawili wanaopishana koridoni na kuombana radhi. Bi Tiketi aliogopa kwamba wataachana huku wanapendana. Ndipo alipowaambia waje awachagulie meli nzuri, wakae wiki nzima majini, mbali na kile chumba walichokipaka rangi ya kitoto ambacho hakuna aliyethubutu kukifungua.

"Karibuni, maharusi," aliwatania walipoingia. "Ingawa harusi yenyewe imeshaota mvi."

"Tumekuja utuuzie bahari, wifi," mke wa Kitinda alisema, akajitahidi kutabasamu.

Bi Tiketi alivuta fomu, akaweka karatasi za kaboni chini yake, akashika kalamu ya wino. Alikuwa na mazoea yake: kalamu ilitembea pamoja na mdomo wa mteja, jibu likitoka tu limeshaandikwa. Penseli aliidharau, aliiita kalamu ya watu wasiojua wanachotaka.

"Mtakuwa wangapi?"

"Watatu," alijibu wifi yake.

Kalamu ilikuwa imeshaandika. Wifi alijiziba mdomo. Kitinda aligeukia dirishani akaanza kuhesabu magari ambayo hayakuwapo.

"Wawili," wifi alisema. "Nisamehe. Wawili."

Bi Tiketi aliitazama ile tatu. Kuikata mbele ya mama huyu kungekuwa kumfuta mtoto kwa mara ya pili, na moyo wake ulikataa. Nitairekebisha wakishaondoka, alijiambia. Akaifunika fomu kwa kiganja na kuanza kupiga domo haraka haraka.

"Haya, tuchuje!" Akamwaga vijitabu vyote mezani. Wengine huchagua meli kwa picha ya bwawa la kuogelea, lakini yeye alichagua kwa kutoa zisizofaa mpaka ibaki moja, na hakuwahi kurudishiwa malalamiko. "Mnapenda muziki mpaka alfajiri?"

"Hapana," walijibu pamoja. Akatoa kijitabu cha kwanza.

"Suti na gauni refu kila mlo?"

"Dada, mimi na tai hatupikiki chungu kimoja." Cha pili kikatoka.

"Hii ni ya wastaafu. Saa mbili usiku meli nzima inakoroma." Wifi alicheka, kicheko kidogo chenye kutu, na Kitinda akageuka kumtazama kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa. Bi Tiketi nusura alie kwa furaha. Akatoa pia zile mbili zinazotia nanga bandari mpya kila siku, watu wakikimbizwa kama wanafunzi waliochelewa shule. Ya sita, yenye picha ya watoto wakiteleza kwenye maji, aliificha chini ya meza kabla wifi hajaiona.

Mezani kikabaki kimoja, kile kilicholowa.

Kitinda alikifungua. Meli ya vyumba vichache. Hakuna muziki, hakuna bandari, hakuna umati. Kila walichokitaka kilikuwa mle, kimeandikwa kwa maneno yao wenyewe. Wifi alifungua ukurasa wa nyuma, akaganda, kisha akaugusa kwa ncha ya kidole. "Tunachukua hii," alinong'ona. Walipoondoka, Bi Tiketi aliufungua ukurasa huohuo. Haukuwa na kitu.

Alipiga simu palepale ili aweke nafasi na kurekebisha hesabu. Simu ilipokelewa kabla haijaita. Sauti ya mwanamume, ya upole sana, na nyuma yake maji yakichuruzika.

"Chumba cha watatu tumeshakiandaa," ilisema.

"Subiri, bado sijakusomea fomu. Kuna kosa kwenye—"

"Mtoto hatozwi," sauti ikasema, na simu ikakatika. Alipiga tena mara nne. Haikuita.

Kesho yake alikuta tiketi tatu chini ya mlango, zimelowa, zikinuka maua yaliyoozea ndani ya maji. Mbili zilikuwa na majina ya Kitinda na mkewe. Ya tatu iliandikwa Mtoto. Akaifungia ya tatu kwenye droo, akawapelekea zile mbili bila kusema neno, akitumaini kwamba jambo lisiposemwa litachoka lenyewe. Jioni Kitinda alimpigia.

"Dada, ile tiketi ya tatu uliyoturushia chini ya mlango ni ya nini?" Alikuwa akinong'ona. "Mke wangu anaibusu."

Bi Tiketi alivuta droo. Kulikuwa na kidimbwi cha maji.

Mchana wa siku ya tatu alikwenda kwao, jua likiwa kali na mtaa mzima ukiwa umeanika nguo, na alipoingia tu ile harufu ya maua yaliyooza ikampokea, akamwona wifi yake jikoni akipakua chakula kwenye sahani tatu huku akiimba wimbo wa kubembeleza, na sakafuni, kutoka kwenye kile chumba kilichokuwa kimefungwa miezi minne na sasa kilikuwa wazi, zilianza nyayo ndogo za maji, za vidole vitano vitano, zikaja mpaka mezani, na wakati yeye amesimama akizitazama, nyayo nyingine mbili mpya zikajichora mbele ya macho yake, karibu na viatu vyake, pasipo mguu wowote wa kuzichora.

"Umeona?" Kitinda alimnong'oneza. Alikuwa amekonda kwa siku tatu. "Nikikohoa tu, kinacheka. Nikimshika mke wangu mkono, kinanifinya. Nimemwambia tusiende, dada. Ananiambia nikitaka nibaki mimi."

"Nyamaza. Nitalimaliza mwenyewe."

"Kama ulivyokuwa ukinifukuzia mazimwi chini ya kitanda?"

"Vilevile," alijibu.

Alikwenda kwa Fundi, mwanamke wa mtaa wa pili, ambaye asubuhi alishona sare za shule na mchana alitibu watu waliopandwa na majini. Fundi alikuja na chetezo chake na visomo vyake. Alisoma tangu adhuhuri mpaka alasiri. Moshi ulikataa kuingia kile chumba, ukakunja kona kizingitini na kurudi. Mwishowe alijifuta jasho, akamvuta Bi Tiketi nje.

"Jini aliyejipenyeza, mimi namtoa," alisema kwa sauti ya chini. "Huyu hakujipenyeza. Kaandikwa. Kuna mahali mmehesabiwa watatu, naye amekuja kujaza nafasi. Nani aliandika?"

Bi Tiketi aliinamisha kichwa. "Mimi. Nilimwonea huruma."

"Basi ukafute wewe. Dua zangu hazifuti mwandiko wa mtu."

Alirudi ofisini mbio, yeye ambaye mwili wake ulikuwa umesahau kukimbia. Akaitoa fomu, akaikata ile tatu kwa mistari miwili, akaandika mbili, kwa nguvu mpaka karatasi ikachanika. Akapiga simu. Safari hii iliita mara moja.

"Kuna kosa kwenye hesabu!" alisema kabla hajakatwa. "Si watatu. Ni wawili. Wawili tu!"

"Wawili," sauti ya upole ilirudia.

"Wawili!"

"Umehakikisha? Tukishaandika hatubadilishi tena."

"Nimehakikisha, haki ya Mungu. Punguza mmoja!"

Maji yalichuruzika kidogo. "Tumepunguza mmoja. Asante kwa kutuarifu."

Harufu ikakata papo hapo. Kijitabu cha saba kikawa hakipo mezani. Bi Tiketi alikaa chini akalia kwa sauti, akacheka, akalia tena, kisha akampigia Kitinda kumpa habari njema. Namba, aliambiwa, haijawahi kutumika.

Hakukumbuka alifikaje kule. Alichokumbuka ni kwamba aligonga mlango kwa viganja vyote viwili, na kwamba aliyemfungulia alikuwa wifi yake, amependeza, masanduku mawili yakiwa yamefungwa nyuma yake, na begani amemlaza mtoto aliyefunikwa shuka, shuka ikidondosha matone sakafuni.

"Karibu, dada," alisema kwa adabu. "Wewe si yule wa ofisi ya safari?"

"Wifi." "Kitinda yuko wapi?"

"Nani?"

"Mumeo! Mdogo wangu!"

Mwanamke alicheka kidogo, kwa heshima, kama anavyochekewa mgeni aliyekosea nyumba. "Sijaolewa, dada. Humu tuko wawili tu, mimi na mwanangu."

Ukutani nyuma yake ilining'inia picha ya harusi ambayo Bi Tiketi mwenyewe aliigharimia. Bi harusi alikuwa amesimama peke yake, mkono wake umekunjwa kushika kiwiko cha mtu ambaye hakuwapo. Bi Tiketi alitaka kupiga mayowe, atamke jina la yule aliyemwogesha na kumsomesha, angalau liwe limesikika mara moja zaidi ndani ya nyumba ile.

Ndipo shuka ilipojongea. Mtoto aligeuza kichwa polepole, uso wake umelowa, akamtazama kama anayemfahamu siku zote.

"Shikamoo, shangazi."

Na mdomo wa Bi Tiketi, kwa mazoea ya maisha yote, ukaitikia kabla hajauzuia.

"Marahaba."