Bahasha za Fundi Makochi

Foleni ya kulipia umeme ilikuwa imefika mlangoni, na jua la saa nne halikuwa na mzaha. Katikati alisimama dada mmoja aliyevaa gauni la kijani lililomkaa vizuri, mkobani ana bili za wateja wake: wazee, wauguzi, watu wasio na muda, waliomlipa awasimamie malipo na akiba zao. Mjini walimwita Bi Bahasha. Mbele yake, kaka mrefu mwenye pamba za makochi kwenye nywele alikumbatia mfuko wa barua, hakuna hata moja iliyofunguliwa.

"Kaka, hizo unazilipia au unazilea?"

"Naogopa kuzifungua," akasema bila aibu. "Nataka wa dirishani anisomee."

"Atakufokea huyo. Mimi nitakusomea, ila kwa malipo."

"Na kunifokea?"

"Hiyo bure."

Ndivyo fundi makochi alivyopata msaidizi. Kila Jumamosi asubuhi Bi Bahasha aliketi karakanani kwake, juu ya kochi jekundu la watu wawili, akifungua barua huku fundi anagonga misumari. Hii ya maji, hii kodi ya pango, hii akiba, usiiguse hata ukiota! Siku moja fundi akamweleza: barua ya kwanza kufunguliwa kwao, baba yake akiwa na wiki mbili kaburini, ilikuwa ya kuwafukuza kwenye nyumba. Tangu hapo, akiona bahasha mikono humtetemeka. Bi Bahasha hakumfokea tena.

Miezi minane ikapita. Nani alianza kumwita mwenzake "mpenzi" sijui, maana kila mmoja anamsingizia mwenzake.

Jumamosi moja Bi Bahasha akainua bahasha ya maji, akanusa gundi. Gundi kali ya makochi! Akaikagua: ilishafunguliwa, ikabandikwa upya. Ya pili vilevile. Ya tatu pia. Akakumbuka yaliyowahi kumpata. Kuna mteja aliwahi kumtega hivyohivyo. Mteja huyo alisoma kiasi kwanza, akaifunga bahasha, akangoja aone kama Bi Bahasha atamtajia zaidi. Na kwa mtu anayeshika pesa za watu, jina likichafuka hana tena mkate.

"Unanipima?"

"Mpenzi, ngoja nikwambie..."

"Miezi yote hii, leo unanitega kama mwizi!"

Akabeba mkoba wake, akatoka analia barabarani mchana kweupe, wala hakujali nani anamwona.

Siku nne simu ililia, hakupokea. Siku ya tano akapokea, ili amtukane vizuri.

"Sema upesi."

"Nilizifungua mwenyewe," fundi akasema. "Zote. Mikono haikutetemeka."

"Halafu ukazibandika?"

"Ungejua nimeweza, Jumamosi ungekuja kufanya nini?"

Bi Bahasha akakaa chini, simu sikioni.

"Yaani unanilipa kwa kazi usiyoihitaji? Wewe mwanamume wewe!"

"Nisamehe. Sikujua nimekugusa kwenye kidonda."

Akacheka na machozi yakimtoka. Alimshukuru Mungu kwa mikono ile iliyoacha kutetemeka, kisha akamshukuru kwa ile gundi pia.

Jumamosi alipofika, bili zote zilikuwa zimelipwa, risiti zimepangwa mezani.

"Basi sina kazi hapa."

"Huna. Kaa tu."

Wakakaa pamoja kwenye lile kochi jekundu, ambalo fundi alikuwa amewakatalia wanunuzi watatu.

"Ahsante," fundi akasema. "Siku hizi nalala usingizi."

"Ahsante na wewe. Ila imebaki barua moja."

Fundi akashtuka. "Ya nini tena?"

"Ya kwenda kwa baba yangu. Hiyo utaandika mwenyewe."

Fundi akapangusa viganja kwenye aproni, mara mbili. "Naandika leo leo."

"Andika. Lakini bahasha uilambe kwa ulimi kama watu wengine. Ukitia gundi yako, mzee hataweza kuifungua, nami sina nguvu ya kungoja."