Koki ya Pili

Kila jioni, gari liliporudi, kazi ya Nominzul ilikuwa kumwaga maji. Furgoni ya mama yake, Uranchimeg, ilikuwa na umri mkubwa kuliko yeye, na injini yake ilipozwa kwa maji ya kisima. Mwezi wa Februari, kwenye baridi kali ya huko, maji yakilala ndani ya gari yanageuka barafu na kupasua chuma. Hivyo yalimwagwa jioni kwa koki mbili, ya injini na ya hita inayopasha joto ndani ya gari, na asubuhi yakatiwa mengine ya moto kutoka kwenye sufuria iliyo jikoni.

Jumamosi asubuhi, mama alipowasha gari, mvuke ulijaa ndani. Vioo vikawa vyeupe, na maji yakachuruzika miguuni pake. Mjomba Damba akachungulia chini ya usukani.

"Rejeta ndogo ya hita imepasuka," alisema. "Chuma cha zamani, kimechoka. Dada, tuunge hii mipira miwili ya maji, yasipite kwenye hita kabisa. Kesho twende."

Kesho yake mama alitakiwa kuwapitia watoto tisa kwenye kambi za wafugaji na kuwarudisha bwenini, kwani sikukuu ya Mwezi Mweupe, mwaka mpya wao, ilikuwa imekwisha. Ilikuwa safari ya saa nne.

"Na watoto je?" mama aliuliza.

"Watavaa makoti mawili mawili. Sisi tulikwenda shule juu ya ngamia, tulikufa?"

Nominzul alijua chuma hakikuchoka. Jana alifungua koki ya injini, lakini ya hita aliisahau, maana alikuwa akiwahi kucheza. Hakuna aliyemwona. Angeweza kunyamaza.

"Si chuma," alisema. "Ni mimi. Sikufungua koki ya pili."

Mjomba akacheka. "Ahaa, fundi mkuu! Haya, nenda ndani, tuachie gari letu."

"Siendi. Hita nitaibadilisha mimi, na mipira hiyo hamuungi."

"Kwa mikono hiyo ya kufinyia unga wa buuz za nyama jikoni?"

"Hii hii. Bila hita kioo cha mbele kitaganda, mama hataona njia. Mkilazimisha, nitakaa mbele ya gurudumu."

"Msikie! Dada, mtoto wako anatufungia barabara!"

Mama alimgeukia binti yake. "Rejeta nyingine utaitoa wapi?"

"Kwenye gari bovu la jirani yetu Mzee Choijil, ni aina hii hii. Nitamwomba."

Mzee Choijil alikubali, ila alisema hatoki nje kwenye baridi ile, afungue mwenyewe. Nominzul alimwagia boliti maji ya moto, akazilegeza moja moja kama alivyomwona mama akifanya. Vidole vilikufa ganzi. Akavipasha kwapani, akaendelea.

Aliporudi na rejeta, hakuifunga garini mara moja. Aliitumbukiza kwenye ndoo ya maji, akaziba tundu moja, akapuliza tundu la pili kwa kipande cha mpira.

"Unachelewesha! Funga tu!" mjomba alifoka.

"Sifungi kitu ambacho sijakipima."

Hakukutoka hata povu moja: haikuwa na ufa. Ndipo akaitoa iliyopasuka, akapachika nyingine, akakaza boliti na vibana vya mipira. Walipotia maji ya moto, kibana kimoja kilivuja tone. Mjomba akampa bisibisi. Nominzul akakikaza, na mama akawasha injini. Punde upepo wa moto ukavuma, na vioo vikawa safi.

"Mikono ya buuz," mjomba alinong'ona, akitikisa kichwa.

Mama alizima injini. "Kusahau kunampata kila mtu, Nominzul. Kwa hilo sikugombezi. Tena leo umetubishia sisi wakubwa wawili, na kwa hilo pia sikugombezi. Lakini elewa jambo moja: ubishi wako ulipata nguvu pale uliposema 'ni mimi'. Usingesema hivyo, ungekuwa kelele tu, na mimi ningeiunga ile mipira."