Bao la Mia Chini ya Mkeka

Kila asubuhi Nesta alikunja blanketi lake na kunywa chai peke yake. Mama yake mdogo, Erica, alikuwa ameshatangulia sokoni. Nesta alifunga mlango, akavaa sweta, akatembea kando ya foleni ndefu ya malori yaliyosubiri kuvuka mpaka. Hadi anafika shuleni, hakuwa amezungumza na mtu yeyote.

Alikuwa amehamia Tunduma mwezi mmoja tu uliopita kutoka Ndalambo, alikobaki mama yake na wadogo zake. Kule walikuwa wanafunzi themanini darasani, wakiimba jedwali la kuzidisha kwa pamoja. Ukikosea, sauti yako ilimezwa na sauti za wenzako. Shule hii mpya ilikuwa ya Montessori. Watoto waliketi mikekani watatu watatu, wakijifunza hesabu kwa kushika vifaa. Siku yake ya kwanza Nesta alitaja jibu lisilo sahihi, wenzake wakacheka. Tangu hapo akawa kimya, nao wakazoea kumwacha hivyo.

Jumatano moja Mwalimu Roda aliwapa kazi Nesta na wenzake wawili wa mkekani, Ikram na Joshua.

"Gawanyeni mia nne thelathini na mbili kwa watu watatu. Ikram, leta shanga kutoka kabatini. Nesta, wewe utagawa. Joshua ataandika jibu."

Ikram alileta sinia lenye mabao manne ya shanga mia mia, vijiti vitatu vya shanga kumi kumi, na shanga mbili za moja moja. Nesta alimpa kila mtu bao moja. Likabaki bao moja. Alilitazama. Bao moja watu watatu wangeligawanaje? Ikram na Joshua walipoinama kutoa daftari zao, akalisukuma chini ya mkeka. Kisha akagawa vijiti, kimoja kimoja.

"Mia moja na kumi, baki mbili," Joshua aliandika.

Mwalimu Roda alizitazama shanga. "Hapa mia moja haipo. Imekwenda wapi?"

"Ikram ndiye aliyeleta," Joshua alisema upesi. "Amehesabu vibaya."

"Nilileta manne, mwalimu!"

Ikram alirudi kabatini akatafuta, asione kitu. Kengele ya mapumziko ikalia.

Nje, Joshua aliwaambia wenzake wasimkubali Ikram katika makundi yao. Ikram aliketi peke yake ukutani, kopo la chakula likiwa mapajani bila kufunguliwa. Nesta alimtazama kwa mbali. Alijua jinsi mapumziko yanavyokuwa marefu kwa mtu asiye na wa kuzungumza naye.

Akamwendea. "Ikram, bao nililificha mimi."

"Wewe? Kwa nini?"

"Sikujua kuligawa. Niliogopa wewe na Joshua mtanicheka tena."

Ikram alijifuta machozi. Kisha akainuka. "Twende tukamwambie mwalimu."

Mwalimu Roda aliwasikiliza mpaka mwisho, akamwita na Joshua. Wote wanne wakaketi mkekani, Nesta akalitoa bao chini ya mkeka.

"Nesta, bao moja lina vijiti vingapi?"

Nesta alihesabu kwa kidole. "Kumi."

"Basi nenda ukalibadilishe."

Alirudi na vijiti kumi. Pamoja na vile vitatu vikawa kumi na vitatu. Kila mtu akapata vinne, kikabaki kimoja. Safari hii Nesta hakungoja kuambiwa. Alikwenda kukibadilisha kwa shanga kumi, zikawa kumi na mbili, akagawa nne nne.

"Mia moja arobaini na nne!" alisema kwa sauti. Hakuna aliyecheka.

"Nisamehe, Ikram," Joshua alisema akiinamisha kichwa. "Nilikusingizia."

"Na mimi nisamehe," Nesta alisema.

Ikram aliitikia kwa kichwa, kisha akasogea kumpa Nesta nafasi zaidi mkekani.

"Kutojua si aibu, wanangu," Mwalimu Roda alisema. "Nesta, ungesema tu 'sijui', tungekufundisha papo hapo. Ulipoficha, mzigo wako ulimwangukia asiye na kosa. Na wewe Joshua, mtu anayechekwa anapokosea hujifunza kuficha. Mkitaka mwenzenu aseme kweli, mwacheni akosee bila kumcheka."