Alaska Haikai Kwenye Kisanduku

Mjukuu wangu Addie alikataa kuzungumza na baba yake. Nasema alikataa! Mtoto wa miaka tisa!

Kila Jumapili ilikuwa hivyo hivyo. Tunarudi kutoka kanisani. Mkwe wangu Twyla, mama yake Addie, anapasha moto supu ya maharage na nyama. Mimi naitoa mikate ya mdalasini kwenye jiko. Simu inalia. Ni mwanangu Wendell, baba yake Addie, anapiga kutoka Alaska. Alikwenda huko kulaza mabomba, maana kiwanda alichofanyia kazi hapa kwetu Missouri kilifungwa.

"Addie, njoo uongee na baba," mama yake anamwita.

"Sitaki."

"Hutaki nini wewe?"

"Mwambieni nimelala."

Anasema hivyo kwa sauti kubwa, na baba mtu anasikia. Halafu anasema, "Basi, mwacheni apumzike." Jamani, maneno yale yalinikata maini. Mwanangu anafanya kazi kwenye baridi kali, na binti yake mwenyewe anamfungia mlango!

Siku moja nilimkalisha chini. "Adabu umeiacha wapi?" nikamwuliza. "Baba yako amekukosea nini?"

Addie akavimbisha mashavu. "Baba yake rafiki yangu Corbin anakwenda California na lori, na kila wiki anarudi. Baba yangu yuko hapo hapo chini. Mbona yeye haji?"

Nikadhani ni maneno ya hasira tu. Nikamfukuza akaoshe vyombo.

Na usidhani mtoto huyu ni mzito darasani. Hata kidogo! Wiki ile ile alikuja na nyota ya dhahabu kutoka shuleni. Alikuwa ameimba majimbo yote hamsini ya Marekani, kuanzia Alabama hadi Wyoming, bila kusita. Kisha akayaandika yote kwenye ramani, kila jina mahali pake. Hakukosa hata moja. Twyla aliibandika ramani ile kwenye mlango wa friji, na kila mgeni alionyeshwa.

Novemba ilipoingia, tulikaa jikoni kumfungia Wendell kifurushi. Jirani yetu Ofelia Burdick alikuwa amekuja kunirudishia sahani yangu ya pai. Ofelia anafanya kazi katika maktaba ya wilaya, na kazi yake ni kuwasomea watoto. Twyla alikuwa anakunja soksi nene za sufu. Addie akamtazama, akacheka kwa dharau.

"Soksi za sufu za nini, mama? Si atatoka jasho tu!"

"Jasho? Alaska? Mwezi huu?"

"Kwani si iko karibu na Hawaii? Watu wanaogelea huko!"

Mimi na Twyla tukaangua kicheko. Ofelia hakucheka. Aliiweka sahani mezani.

"Addie, mwanangu, hebu nionyeshe Alaska iko wapi."

Mtoto akaenda mbele ya friji. Hakufikiri hata kidogo. Kidole chake kikashuka hadi chini kabisa, kwenye kona ya kushoto, chini ya California. Pale pamechorwa kisanduku kidogo, na ndani yake kuna Alaska. Pembeni yake kuna kisanduku kingine cha Hawaii.

"Hapa," akasema. "Ni kisiwa. Ni kidogo kuliko Texas, na kimezungushiwa ukuta."

"Na kutoka California hadi hapo ni mbali?"

"Wapi! Ukiamka mapema, mchana umefika."

Twyla aliishika soksi mkononi kama amesahau ni ya nini. Ndipo nilipoelewa. Miezi yote ile, mtoto huyu aliamini kwamba baba yake anakaa jirani, kwenye joto, ufukweni, na hataki tu kuja kumwona!

Hapo damu ikanichemka. Nikapiga meza.

"Nani aliyechora takataka hii? Na nani aliyeibandika nyota? Mtoto hajui baba yake yuko wapi duniani, halafu anapewa nyota ya dhahabu!"

"Tulia, Bi Lorene," Ofelia akasema. "Karatasi ni ndogo. Alaska iko mbali sana kule juu, na katikati kuna nchi nzima ya Kanada. Mchoraji hana nafasi. Basi anaikata Alaska, anaipunguza, anaiweka palipobaki wazi. Mtu mzima anajua hivyo. Mtoto haambiwi."

"Kwa nini haambiwi?"

"Kila mtu anadhani mwenzake ameshamwambia."

"Loo! Na huo wimbo je?"

"Wimbo si mbaya. Unampa mtoto majina. Lakini jina si mahali. Kwenye wimbo Alabama na Alaska ni majirani. Njoo Addie, tuyatafute mahali."

Akaenda nyumbani kwake mbio, akarudi na tufe la dunia, lile la mviringo kama mpira. Akampa Addie alizungushe. Addie akaiona Missouri. Akapandisha kidole polepole. Akapita Kanada. Kidole kikazidi kupanda. Alipoifikia Alaska, ilikuwa karibu na kilele cha dunia.

"Hapana," akasema Addie. "Hii ni nyingine."

"Hakuna nyingine, mwanangu."

Ofelia hakuishia hapo. Alituambia tulitumie zulia dogo la jikoni kuwa Missouri. "Anza na kwenu," akamwambia Addie. "Kaskazini ni kwenye mlango wa nyuma. Haya, majirani zetu ni nani?"

Tukakata vipande vya makatoni. Upande wa kaskazini tukaweka Iowa. Upande wa mashariki tukatandaza kitambaa cha buluu, ndio mto Mississippi, na ng'ambo yake Illinois. Kusini tukaweka Arkansas. "Kwa shangazi!" Addie akapiga kelele, maana dada yangu anakaa huko. Magharibi tukaweka Kansas, na juu yake kidogo Nebraska. Kila jimbo lilipata kitu cha kulikumbukia: mtu tunayemjua, mto, au chakula.

"Sasa twende kwa baba," Ofelia akasema. "Tutapita wapi?"

Addie akakanyaga Nebraska, kisha Dakota Kusini, kisha Dakota Kaskazini. Hapo alikuwa ameshafika mlangoni. "Na Kanada?" akauliza. Ofelia akamfungulia mlango. Kanada ikala baraza yote, ikashuka ngazi, ikaingia uani. Addie akasimama kwenye majani yenye barafu, akiwa na soksi tu miguuni, anatetemeka.

"Bado?" akauliza.

"Bado kidogo. Songa mbele."

Alipofika kwenye uzio, Ofelia akamwambia, "Hapo ndipo Alaska inapoanzia. Na si ndogo. Missouri yetu ukiichukua mara tisa, zote zinaingia humo. Ukienda kwa gari, utalala njiani karibu wiki nzima."

Addie akageuka kuitazama nyumba. Mimi na mama yake tulikuwa tumesimama jikoni kwenye zulia. Alirudi ndani, akachukua soksi za sufu, akazipanga mwenyewe ndani ya kifurushi.

Lakini hasira yangu ilikuwa haijaisha. Siku iliyofuata nilikwenda shuleni, Ofelia akanifuata na tufe lake. Mwalimu wa Addie ni msichana mpole, macho yamemwiva kwa uchovu. Nilikuwa nimejiandaa kumpasulia ukweli.

"Waulize watoto wako Alaska iko wapi," nikamwambia.

Akawauliza. Watoto wote, isipokuwa Addie, wakaelekeza vidole chini, kwenye kona ya ramani. Mmoja akasema ni kisiwa. Mwingine akasema iko karibu na Mexico. Na kila mmoja alikuwa na nyota yake ya dhahabu kwenye daftari!

Mwalimu akashika kichwa. "Mungu wangu. Nimewafundisha ramani hii miaka yote, na sijawahi kuwauliza."

Alichukua mkasi, akakata kile kisanduku mbele yetu. Kisha akapanda kiti, akakibandika juu kabisa ukutani, karibu na dari. "Na ni kubwa zaidi ya hivi," akawaambia. Watoto wakainua shingo zao wote. Tangu siku ile darasa lile halianzi na wimbo. Linaanza na safari: leo tunatoka kwetu kwenda Maine, tutapita wapi? Na anayekosea hachekwi, anarudishwa njia panda ajaribu tena.

Jumapili simu ililia. Twyla alikuwa na unga mikononi. Kabla hajaifikia, Addie alikuwa ameshaichukua.

"Baba?"

Sauti ya Wendell ilisikika kwa mbali. "Addie? Ni wewe?"

"Baba, nisamehe. Nilidhani uko karibu."

Tukadhani simu imekatika.

"Baba? Uko hapo?"

"Nipo," Wendell akasema. "Nipo, mwanangu. Niko mbali sana."

"Najua," Addie akasema. "Nimefika mpaka kwenye uzio."