Sifuri Nukta Nane

Hamsini kwa hamsini. Ndivyo skrini ilivyosema, na Tausi hakuiamini hata kidogo.

Mumewe, Luqmani, fundi kompyuta wa Ngamiani, aliwaweka wake zake wawili nyumba moja, vyumba vikitazamana ukumbini. (Mimi nimetembea mpaka Muscat na kurudi, na mke mmoja tu alinishinda.) Ili kuzima ugomvi, alitengeneza kidirisha kidogo kwenye skrini ya kompyuta ya ukumbini. Akiingia kwa Mwamvua, anabonyeza. Akiingia kwa Tausi, anabonyeza. Akitoka, anabonyeza tena. Akienda kazini, hesabu inasimama. Kidirisha kinaonyesha kila mke kapata asilimia ngapi ya saa zake za nyumbani.

"Hamsini, hamsini. Mnataka nini tena?" hujigamba.

Lakini wiki ile ukumbi ulinukia marashi ya waridi. Tausi hatumii, na Mwamvua yanampigisha chafya.

Tausi alisoma kompyuta chuoni. Alijua kidirisha huonyesha namba nzima tu, ila ndani namba halisi hubaki na desimali zake zote. Bi mkubwa ananiibia humo, akawaza. Alhamisi baada ya adhuhuri, zamu ya Mwamvua, akaifungua programu. Mwamvua akamkuta.

"Unachungulia zamu yangu, mdogo wangu?"

"Nachungulia unachonizidi, dada."

Mwamvua: 49.6. Tausi: 49.6.

"Si sawa hizo?"

"Ni sawa, lakini hazifiki mia. Imepungua sifuri nukta nane."

"Itakuwa ya njiani."

"Njia gani, dada? Mlango huu mpaka ule?"

Mwamvua akashusha sauti. "Tausi. Mimi nilidhani yuko kwako."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi."

Mbele ya macho yao 49.6 ikawa 49.5, ikawa 49.4, na kile kidirisha kikageuka 49 kwa 49, kama vile aliyekuwa akijificha amechoka kujificha, na kutoka stoo, mwisho wa ukumbi, bangili zikalia, mwanamke akacheka taratibu, nao wawili, ambao miaka mitatu hawajaazimana hata chumvi, wakashikana mikono, wakausukuma mlango, wakamwona Luqmani amelala mkekani, amefumba macho, anatabasamu tabasamu ambalo hakuna kati yao aliyewahi kupewa, kichwa chake kimeinuka shibiri moja juu ya mkeka, kimelazwa juu ya paja lisiloonekana, na nywele zake zikijigawa, polepole, kwa vidole ambavyo havikuwepo.

Shekhe Uweso aliitwa mbio. Alipoanza kusoma, sauti ya kike ikatoka kinywani mwa Luqmani.

"Nilimpata kule Mkwaja, angali kijana. Nyie mmekuja juzi. Nimekula makombo yenu nimenyamaza. Hata makombo mnayaonea wivu?"

"Hata makombo!" akasema Mwamvua.

Shekhe akasoma mpaka alasiri. Harufu ya waridi ikapita katikati yao, ikatoka mlangoni. Kichwa kikaanguka mkekani, pu!

Luqmani akafumbua macho. Akawatazama wake zake mmoja mmoja, kama mtu aliyeshushwa kituo kisicho chake. Kisha akaanza kulia. Hakulia kwa maumivu. Wote wawili walikijua kilio kile. Kila mmoja alishakilia, mdomo kwenye mto, usiku wa zamu ya mwenzake.